Kazi ya Kusimama

Celine alipokwenda chuo cha ualimu, nyumba ya Joab na Phelis ilibaki na watu wawili waliosahau namna ya kuongea. Hawakuwa wamegombana. Wangegombana ingekuwa afadhali, maana ugomvi una maneno. Ila kwa miaka yote ile binti yao ndiye aliyekuwa daraja. Joab alimsimulia Celine habari za kiwandani, Phelis akazisikia akiwa kwenye stovu. Phelis alimsimulia Celine habari za shambani, Joab akazisikia akiwa nyuma ya redio. Mwaka huo wa tisini na tano daraja liliondoka, na kila mmoja akabaki ng'ambo yake.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mvua itakuja?"

"Itakuja."

Na kule kwenye vilima vya chai vya Kericho, kusema mvua itakuja ni sawa na kusema kuku ana mabawa.

Walikuwa wametoka pande za ziwa wakiwa maharusi. Walipanga kukaa kidogo tu katika shamba la kampuni, wapate kitanda na sufuria, kisha warudi. Kitanda kilipatikana, kikazeeka, kikabadilishwa, nao bado walikuwa kwenye kambi ya wafanyakazi, katika nyumba ya chumba kimoja na jiko, upande wa barabara ya Kapkatet. Phelis alichuma majani. Joab alifanya kazi kiwandani, kwenye boila, akilisha kuni lile tanuri ambalo halikushiba. Alitaka kufanya mtihani wa ufundi ili awe msimamizi wa boila, na kwa sababu mtihani ule ulikuwa na fizikia ndani yake, alianza kuhudhuria darasa la watu wazima kila Jumamosi mchana katika shule ya msingi ya pale shambani. Mwalimu alikuwa Kipngeno, kijana kutoka Kiptere aliyemaliza sekondari na aliyekuwa akingoja kuitwa chuo kikuu.

Jumamosi za kwanza Joab alirudi na neno moja tu: "Tumesoma." Phelis hakuuliza zaidi.

Kisha ikaja wiki ya matope. Trekta la kukusanya majani lilikuwa likikwama kila alasiri, na wachumaji walilazimika kungoja kwenye foleni ya mizani na vikapu vyao mgongoni. Kuvitua chini hakukuwezekana, kwa kuwa majani yakiguswa na matope karani huyakataa. Walisimama hivyo mvua ikiwapiga, epron za plastiki zikiwaganda miilini, wasisogee mbele wala nyuma. Kila jioni Phelis alirudi nyumbani mabega yakimuwaka moto. Joab hakuuliza. Phelis naye hakusema.

Jumamosi ya wiki hiyo Joab aliingia akitabasamu peke yake, kama mtu aliyeokota kitu njiani. Phelis alikuwa anasonga ugali.

"Mama Celine, leo nimesikia jambo."

Ilikuwa siku nyingi tangu yeye aanzishe mazungumzo, na Phelis aligeuka haraka kuliko alivyokusudia. "Jambo gani?"

"Ukiwa na kikapu mgongoni, kimejaa majani mpaka juu, ukasimama hapo tu bila kwenda mahali, umefanya kazi ngapi?"

"Nyingi."

"Hapana! Sifuri." Joab akacheka, akapiga goti lake kwa kiganja. "Mwalimu ameandika ubaoni. Kazi ni nguvu mara umbali. Kama kitu hakijasogea, umbali ni sifuri. Na nguvu mara sifuri ni nini? Sifuri. Hata ukisimama mpaka Krismasi."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Nani amesema?"

"Fizikia."

"Huyo Fizikia amechuma chai wapi?"

"Si mtu, Mama Celine. Ni somo."

"Basi kama si mtu, hajasema. Umesema wewe."

Akapakua ugali, akaweka mezani, akala kidogo, akajilaza akielekea ukuta. Haikuwa ile hesabu iliyomchoma. Alisoma mpaka darasa la saba na alijua kwamba ubao una mambo yake. Kilichomchoma ni kile kicheko. Wiki nzima alikuwa amesimama kwenye mvua, na mtu wa kwanza kumwambia neno kuhusu kusimama kule alimletea sifuri, tena kwa furaha, kama zawadi ya kutoka sokoni.

Asubuhi ya Jumapili Phelis alichemsha chai ya maziwa, akamimina kwenye kikombe cha Joab, akaja akasimama mbele yake, kikombe mkononi.

"Leta basi," Joab akasema.

"Nimekishika tu. Nimesimama. Kwa hivyo sichoki."

Joab akanyoosha mkono. Phelis akarudisha kikombe kifuani.

"Nikikusogezea, nitakuwa nimefanya kazi, na leo ni siku ya Bwana."

Joab alimtazama, akatazama kikombe, akainuka akanywa maji ya mtungi. Akatoka kwenda kanisani akiwa ameuma mdomo wa chini. Phelis hakuweza kujua kama alikuwa anazuia hasira au kicheko. Aliinywa ile chai mwenyewe, na ilikuwa tamu kuliko alivyotarajia.

Jumatatu, wakiwa katikati ya majani, alimsimulia Bonareri, jirani yake wa mlango wa pili, mwanamke wa Kisii mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Ukimwambia Bonareri jambo, umewaambia wote. Ilipofika saa ya foleni, wanawake walikuwa tayari wanaulizana, "Wewe leo umefanya sifuri kubwa au ndogo?" na kila aliyeinua kikapu alipaza sauti, "Sifuri!" mpaka nyapara akaja kuuliza kuna nini. Phelis alicheka pamoja nao. Lakini kicheko kilikaa mdomoni, hakikushuka.

Siku mbili baadaye trekta likakwama tena. Foleni ilikuwa imesimama, mvua nyembamba ikinyesha, Phelis akiwa nyuma ya Bonareri na kikapu kilichojaa. Akamwona Joab anakuja kwenye kijia kati ya majani. Alikuwa ametoka zamu, majivu ya boila bado kwenye mikono ya shati. Akaja moja kwa moja mpaka alipo.

"Nipe."

"Nikupe nini?"

"Kikapu."

"Joab, hapa ni kazini."

"Najua. Mimi ninakuja kusimama tu."

Akaingiza mikono kwenye mikanda ya kikapu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayevaa koti la mwenzake. Wanawake wakapiga vigelegele. "Baba Celine!" Bonareri akapaza sauti. "Umekuja kupumzika?"

"Nimekuja," Joab akajibu, na akawapungia mkono.

Alikuwa mwanamume mwenye nguvu. Magogo ya mikaratusi aliyokuwa akiyatupa ndani ya tanuri, vijana wawili wangeyaogopa. Basi mwanzoni alisimama akitabasamu, akijibu mizaha. Baadaye akahamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Baadaye akaacha kujibu. Foleni haikusogea. Phelis alikuwa kando yake na mgongo mtupu, hajui aipeleke wapi mikono yake, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho mbebaji mwenyewe haoni. Chini ya mikanda, misuli ya mumewe ilikuwa inatetemeka, kidogo kidogo, bila kupumzika, kama ngozi ya ng'ombe inavyotetemeka inapofukuza nzi.

"Mama Celine," akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Mbona ninatetemeka na sijafanya kitu?"

"Ndivyo inavyokuwa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Phelis akapeleka kiganja chini ya kikapu na kukiinua kidogo, kama wanavyosaidiana wanawake.

"Acha," Joab akasema.

"Siachi. Umeinama vibaya. Nyoosha mgongo. Kisigino kiweke chini."

Joab akanyoosha mgongo, akaweka kisigino chini. Wakasimama hivyo mpaka trekta lilipokwamuliwa na foleni ikaanza kutembea. Karani alipoita jina la Phelis na kikapu kikashushwa, Joab alishika nguzo ya mizani asianguke. Bonareri aliliona hilo, akajifanya anakaza epron yake.

Nyumbani, Joab alichemsha maji mwenyewe. Alichovya taulo, akalikamua, akamwambia Phelis avute blauzi ishuke mabegani. Aliona alama za mikanda, mistari miwili myeusi iliyoingia ndani ya ngozi. Akaufuata mmoja kwa kidole.

"Hii imekuwa hapa tangu lini?"

"Tangu Celine ananyonya."

Joab aliweka taulo la moto juu ya mistari ile akaikandamiza polepole kwa viganja, na Phelis akafumba macho. Kimya kilikuwepo, lakini hiki kilikuwa na mtu ndani yake.

"Ila hesabu ya mwalimu iko sawa," Joab akasema baada ya kitambo. "Nimeirudia kichwani pale kwenye foleni. Kikapu hakikusogea. Umbali sifuri, kazi sifuri. Na mimi nimechoka kufa. Yote mawili ni kweli, na hayawezi kukaa pamoja. Sasa itakuwaje?"

Siku tatu kabla, Phelis angemrushia taulo usoni. Lakini alisikia dhiki ya kweli katika sauti ile, dhiki ya mtu aliyepoteza mbuzi na anaona kamba yake bado imefungwa.

"Muulize mwalimu."

"Muulize wewe. Kikapu ni chako."

"Mimi? Niingie darasani na wanaume?"

"Utakaa na mimi."

Jumamosi Phelis alivaa gauni la kanisani, akajifunga kitambaa kipya. Darasani hapakuwa na mwanamke mwingine. Walikuwemo mafundi wachache wa kiwandani na karani mmoja, wote wakiwa wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Kipngeno alipomwona alisimama wima.

"Karibu, mama."

"Asante, mwanangu. Sikuja kukaa. Nimekuja na swali."

"Uliza."

Joab alimgusa kiwiko. Phelis akashusha pumzi. "Ulisema nikisimama na kikapu sijafanya kazi. Huyu mzee wangu amejaribu. Amechoka, ametetemeka, usiku amelala kama gogo. Sasa nataka kujua mwongo ni nani, wewe au mgongo wake?"

Darasa zima likacheka. Kipngeno hakucheka. Alikuna kidevu, akaenda mlangoni, akarudi na tofali lililotumika kuzuia mlango usijifunge. Akaliweka juu ya meza.

"Hakuna mwongo, mama. Tazama. Meza inafanya nini?"

"Imeshika tofali."

"Nikiiacha hivi mpaka mwaka ujao, itachoka?"

"Meza itachokaje?"

"Haya. Mzee Joab, njoo." Akampa tofali, akamwambia alishike kwenye kiganja, mkono ukiwa umenyooka mbele. Wakangoja. Uso wa Joab ulianza kukaza. "Mama, sasa weka mkono wako hapa, juu ya msuli."

Phelis akasita. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumshika mumewe mbele ya watu, hata siku ya harusi. Akaweka mkono. Chini ya shati, msuli ulikuwa unaruka, ukilegea na kukaza, ukilegea na kukaza, kama kitu kidogo kilichofungiwa kinachotafuta njia ya kutoka.

"Unahisi?"

"Ninahisi."

"Meza ikishika, imeshika. Mwili hauwezi hivyo. Msuli unavuta, unaachia, unavuta tena, kwa haraka sana, na kila ukivuta, ndani yake vitu vinasogea, kazi inafanyika. Tofali halipati kitu. Ukiuliza tofali limefanyiwa kazi kiasi gani, jibu ni sifuri. Lakini sikuwauliza habari za mbebaji. Fizikia ilichukua neno la watu, ikalifanya dogo ili iweze kulipima. Hilo ndilo nililosahau kuwaambia."

Phelis hakuondoa mkono. "Kwa hivyo kikapu hakikupewa kitu, lakini mimi nimetumika."

"Umetumika, mama."

"Na hiyo nguvu yangu yote ilikwenda wapi?"

"Imekuwa joto. Imetoka kwenye ngozi, ikachukuliwa na baridi."

Phelis akakumbuka zile alasiri za foleni, na mvuke unaopanda kutoka migongo ya wanawake, mwembamba, mweupe, ukipotea juu ya majani. Kwa miaka mingi alidhani ni mvua tu. "Kumbe ule moshi ulikuwa wetu," akasema.

"Ulikuwa wenu."

"Mwalimu," Joab akasema, jasho limemtoka, "niweke tofali chini au bado tunasoma?"

Walicheka mpaka watu waliokuwa wakipita nje wakachungulia dirishani. Phelis akakaa kwenye dawati karibu na Joab. Alikuwa amesema hakuja kukaa, lakini hakuna aliyemkumbusha.

Mwisho wa somo Kipngeno alichora ubaoni ng'ombe na mkokoteni, ng'ombe akifanana zaidi na mbwa. "Hili ni la kwenda nalo nyumbani," akasema. "Ng'ombe anavuta mkokoteni mbele. Mkokoteni nao unamvuta ng'ombe nyuma, kwa nguvu ile ile, haizidi wala haipungui. Hiyo ni sheria. Sasa kama wanavutana sawasawa, wanaendaje? Msinijibu leo. Kaangalieni."

Joab na Phelis hawakuwa wamefika getini walipoanza.

"Ng'ombe ana nguvu zaidi," Joab akasema.

"Hukusikia? Amesema sawasawa."

"Basi mkokoteni hauwezi kwenda."

"Na unakwenda! Kuni zako za boila zinaletwa na nani, malaika?"

Walibishana njia nzima. Walibishana wakila omena, dagaa wa ziwani, wakabishana wakiosha vyombo, Phelis akisugua na Joab akipangusa, kitu ambacho hakikuwahi kutokea katika nyumba ile. Alfajiri Joab alimgusa ubavuni. "Labda ng'ombe anaanza kwenda kabla mkokoteni haujapata habari." Phelis alicheka ndani ya blanketi mpaka Bonareri akagonga ukuta.

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Joab aliazima mkokoteni wa mume wa Bonareri. Wakausukuma hadi kwenye nyasi nyuma ya nyumba, mahali palipoteremka kidogo na palipolowa kwa mvua ya jana.

"Panda," akasema. "Wewe ni mzigo. Mimi ni ng'ombe."

"Hilo la ng'ombe nimelijua zamani," Phelis akasema, akapanda.

Joab akashika mipini akavuta. Viatu vyake vya kanisani, vyenye soli laini, viliteleza. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, akaanguka kwa magoti. Majirani walianza kutoka milangoni. Akainuka, suruali imejaa matope, akavua viatu na soksi, akakunja suruali, akachimba vidole vya miguu kwenye udongo. Mkokoteni ukaondoka kama ambao haukuwahi kukataa.

"Simama!" Phelis akapaza sauti. "Rudi! Vaa viatu tena."

"Kwa nini?"

"Vaa, nataka kuona."

Akavaa. Akateleza. Akavua. Mkokoteni ukaenda. Phelis alikuwa ameinama kwenye ukingo, macho chini.

"Mkokoteni ni ule ule," akasema polepole. "Mzigo ni mimi yule yule. Nguvu zako ni zile zile. Baba Celine, tumekuwa tukiangalia pale wanapovutana. Angalia miguu yako."

Joab akaangalia miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nyuma ya visigino kulikuwa na mashimo, udongo umesukumwa nyuma.

"Ninaisukuma ardhi," akasema.

"Na yenyewe?"

"Inanisukuma mimi. Inanisukuma mbele." Akageuka, macho yakimng'aa. "Mkokoteni unanivuta nyuma kweli, kwa nguvu ile ile ninayouvuta. Lakini ardhi inanisukuma zaidi!"

"Na mkokoteni haujui habari za ardhi. Wenyewe unajua tu umevutwa."

"Kwa hivyo hawavutani wawili. Wako watatu!"

"Wako watatu," Phelis akasema, na wote wawili wakatazamana, wamechoka kwa furaha, kama watu waliofika mahali kwa miguu.

"Mmemaliza?" Bonareri akauliza kutoka mlangoni kwake. "Mzee anataka mkokoteni wake."

Phelis akainua mguu ashuke.

"Kaa hapo," Joab akasema.

Akaenda mbele, akashika mipini, akainama. Phelis akashika ukingo kwa mikono miwili, kitambaa cha kanisani kikimteleza kisogoni. Joab akamvuta kupita nyumba ya kwanza na ya pili, kupita kamba za nguo na watu waliosimama wakipiga makofi, mpaka kwenye bomba la maji pale mwisho wa kambi. Pale alipogeuza, akihema, akauliza kama ampeleke sasa nyumbani, na Phelis akamwambia apite ile njia ndefu.